Jina moja, vifaa viwili: Mgongano tuliousahau katika Kiswahili cha kompyuta

KWA muda wa miaka ishirini na ushei nimehudhuria makongamano ya Kiswahili ambamo mjadala ukigusa teknolojia tu, swali lile lile huibuka: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Wenzangu hugawanyika papo hapo. Mmoja atatetea tarakilishi kwa kuwa limeundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili. Mwingine atatetea kompyuta kwa kuwa ndilo lililomo vinywani mwa watu kutoka Mombasa hadi Kigoma. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma, atalikumbusha kundi kwamba ngamizi nalo lina wenyewe. Chai italetwa, mandazi yataliwa, kisha tutarudi ukumbini kuendelea pale tulipoachia.

Sisemi swali hilo ni la kipuuzi. Nasema limekula muda ambao lingefaa kugawana na swali jingine lililo zito zaidi. Kitu kimoja kuwa na majina matatu hakijamwumiza mtu. Mwenye kusema tarakilishi na mwenye kusema kompyuta wakikutana dukani, watauziana mashine ile ile kwa bei ile ile. Kinachowaumiza watumiaji wa Kiswahili ni kinyume cha hayo: jina moja kupewa vitu viwili, tena vitu vinavyokaa ndani ya kasha moja na kutajwa katika ukurasa mmoja.

Hoja hii nimeipata, si katika nadharia za isimu, bali katika historia ya kompyuta yenyewe. Kompyuta za mezani za miaka ya 1980 na 1990 zilisumbuliwa na tatizo la aina hiyo hiyo, na mafundi walilitatua. Naomba msomaji anivumilie kidogo nilieleze, kwani nina sababu ya kufanya hivyo.

Ndani ya kompyuta kuna kichakataji, kile ambacho vitabu vyetu vingine hukiita bongo la mashine. Kazi yake ni kukokotoa mfululizo. Lakini kibodi ikibonyezwa, kipanya kikisogezwa au modemu ikipokea data kutoka kwa laini ya simu, kifaa hicho lazima kikikatize kichakataji na kukiambia: nina jambo, nisikilize. Kwa Kiswahili hatuhitaji kuazima dhana hiyo kwa mtu. Tunaijua tangu utotoni. Ni kupiga hodi.

Sasa, hodi hupigwa mlangoni, na milango ina idadi. Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka mwaka wa 1981 ilikuwa na milango minane ya hodi, kuanzia sifuri hadi saba. Ile ya AT iliyofuata mwaka wa 1984 iliongezewa minane mingine, ingawa mmoja ulitumika kuyaunganisha makundi hayo mawili, kwa hivyo iliyobaki kwa kazi ni kumi na mitano. Saa ya ndani ilikaa mlango wa sifuri. Kibodi ilikaa mlango wa kwanza. Flopi, zile diski nyembamba za zamani, zilikaa mlango wa sita. Na kadhalika. Milango ilikuwa michache na vifaa vilizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka: kadi ya sauti, modemu, skana, kadi ya mtandao.

Matatizo yakaanza. Mfano maarufu ni wa tundu za nyuma ya mashine zilizoitwa COM. Tundu ya kwanza na ya tatu zilipangiwa mlango mmoja wa hodi, ule wa nne. Ya pili na ya nne zikapangiwa mlango wa tatu. Basi ukichomeka kipanya katika tundu ya kwanza na modemu katika ya tatu, kipanya kingefanya kazi vyema asubuhi nzima. Pindi modemu ilipoanza kupiga simu, kipanya kiliganda kama mtu aliyeona chatu. Mwenye mashine aliapa kwamba kipanya kimeharibika. Akanunua kingine. Nacho kikaganda.

Kipanya hakikuwa na kasoro. Modemu pia haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba hodi iliposikika katika mlango wa nne, mfumo ulimwita mhudumu mmoja tu aliyesajiliwa kwa mlango huo. Haukuwa na desturi ya kuuliza: nani? Hilo ndilo wataalamu walilolipa jina la Kiingereza ambalo likitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiswahili huwa mgogoro wa rasilimali za maunzi.

Nimeliona jina hilo hilo limeandikwa katika karatasi ya kurasa nne iliyoletwa pamoja na kompyuta za mezani zilizotumika, zilizogawiwa shule kadhaa za upande wa Mosocho. Msomaji asiyepajua Mosocho, ni hapo karibu na mji wa Kisii, kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Wengi wanapafahamu kwa sababu ya Shule ya Upili ya Kardinali Otunga. Kompyuta zenye umri mkubwa si ajabu katika shule zetu. Tangu shirika la Computers for Schools Kenya lianzishwe mwaka wa 2002, na mengine kulifuata, shule nyingi zimepata mashine zao za kwanza kwa njia hiyo ya vifaa vilivyotumika kwingine, na si vibaya. Karatasi ninayoizungumzia haikutoka kwa shirika hilo. Iliyempa mwalimu mmoja karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya aniletee.

Kwanza niisifu. Imeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo watengenezaji wengi hawajishughulishi nalo. Ngeli zake zimenyooka. Sentensi ni fupi. Mwandishi wake, yeyote yule, hakuandika ili aonekane msomi. Aliandika ili mtu aiwashe mashine na kuitumia. Ukipewa karatasi hiyo ukaisahihishe kama mtihani wa insha, utampa alama nzuri. Lakini maelekezo hayapimwi kwa sarufi peke yake. Hupimwa kwa kile anachokifanya mtu baada ya kuyasoma.

Tuanze na hilo jina la mgogoro wa rasilimali. Rasilimali ni neno tulilolitoa Uarabuni, na maana yake ya asili ni mtaji, kichwa cha mali. Leo hii tunapolisikia redioni tunafikiria misitu, madini, mafuta na maji. Mgogoro nao ni ugomvi wa watu. Mwambie mzee wa Mosocho kwamba katika kompyuta ya shule kumezuka mgogoro wa rasilimali, atakuuliza shamba la nani, na kama chifu amekwisha kuitwa. Hana makosa. Gusii ni nchi ya watu wengi na vipande vidogo vya ardhi vilivyogawanywa baba kwa mwana hadi vikawa kama leso, na hilo ndilo neno limemfundisha.

Hata hivyo, mzee huyo angeelezwa vizuri, angelielewa tatizo la kompyuta kuliko wengi wetu. Mkenya yeyote anajua maana ya hati mbili za shamba moja. Anajua pia kwamba mtu mmoja kuwa na majina matatu, la ubatizo, la babu na la utani, si kesi. Anaitwa kwa lolote na anaitika. Lakini watu wawili wakiwa na nambari moja ya kitambulisho, hapo kuna balaa: mmoja atakopa na mwingine atadaiwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tarakilishi/kompyuta na lile ninalolizungumzia. Ningekuwa ndiye mwandishi wa karatasi, ningeandika mgongano wa hodi, kisha nikaongeza sentensi moja: vifaa viwili vinapiga hodi mlango mmoja. Mwalimu wa darasa la nne angeelewa, na mwanafunzi wake pia.

Jina hilo, hata hivyo, lilichanganya tu, halikuleta hasara. Lililoleta hasara ni neno dogo zaidi: kiendeshi.

Katika ukurasa wa pili, karatasi inamshauri mtumiaji ahifadhi kazi zake zote katika kiendeshi D. Hapo kiendeshi ni diski, au sehemu ya diski, yaani ghala la faili. Katika ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha huo mgogoro wa rasilimali, inamwambia kwamba kifaa kipya kikikataa kufanya kazi, afute kiendeshi kinachohusika kisha awashe mashine upya. Hapo kiendeshi ni kitu kingine kabisa: ni programu ndogo inayoufundisha mfumo jinsi ya kuzungumza na kadi ya sauti au printa. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana lakini hayafanani. Mfasiri aliyapeleka yote katika kitenzi endesha, akapachika ki- mbele na -i nyuma, akapata umbo moja. Kisarufi hakukosea popote. Ndiyo maana msahihishaji asingeona kitu.

Mwalimu huyo alichomeka kadi ya sauti ya zamani ili wanafunzi wasikilize mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza. Kadi ikagoma. Katika orodha ya vifaa ikatokea alama ya manjano. Akafungua karatasi, akasoma, akatafuta kiendeshi. Kiendeshi alichokijua ni kimoja, kile alichofundishwa ukurasa wa pili. Akakifuta. Mitihani ya mihula sita, alama za wanafunzi na orodha za karo alizokuwa amemsaidia karani kupiga chapa, vyote vilikuwa humo. Fundi aliyeitwa baadaye aliweza kuokoa karibu nusu. Nusu nyingine mama huyu aliiandika upya kwa mkono kutoka katika madaftari ya watoto, usiku, wiki tatu.

Alipofika kwangu hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza, kwa upole ambao ulinichoma zaidi: "Prof, nilisoma vibaya wapi?"

Hakusoma vibaya popote. Alisoma Kiswahili sanifu kama tulivyomfundisha. Wenye kulijibia swali lake ni sisi tunaounda istilahi na kuzisambaza bila kuzijaribu katika ukurasa mmoja, zikiwa pamoja, mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Baada ya hapo nilikwenda kumwona yule fundi. Ana kibanda chake sokoni Mosocho, kati ya muuza ndizi na kinyozi. Ni kijana wa makamo ya mwanangu wa mwisho. Nilimuuliza yeye hukiita nini kile kitu kinachofutwa. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwa mashine aliyokuwa akiifungua: "Hiyo ni draiva, mzee. Ile ingine ni diski. Diski unaifuta ukitaka kuuza mashine. Draiva unaitoa, unaweka ingine, diski haijui."

Msomaji aliyepitia mikono ya walimu wa zamani, kama mimi, masikio yake yatakereka akisikia draiva. Ati Kiswahili kimeishiwa? Lakini tulitazame neno lenyewe kwa utulivu. Kiswahili kilikwisha kulikopa neno hilo la Kiingereza zamani, wakati wa magari ya kwanza, kikalipa umbo la dereva na kuliweka katika ngeli ya watu: dereva amelala, madereva wamegoma. Sasa mafundi wamelikopa mara ya pili, wakaliacha na sauti iliyo karibu zaidi na Kiingereza, na wakalipeleka katika ngeli nyingine: draiva imekufa, draiva zimepitwa na wakati. Chanzo kimoja, maumbo mawili, ngeli mbili, maana mbili. Hakuna mtu Mosocho atakayesikia draiva ya printa akafikiria mwanamume aliyekaa nyuma ya usukani. Na hakuna atakayefikiria diski. Bila kongamano wala mandazi, mafundi waliusikia mgongano na wakauondoa.

Nimelitoa mfano wa kiendeshi kwa kuwa hasara yake ilionekana. Yako mengine mawili yanayofanya kazi hiyo hiyo kimyakimya.

La kwanza ni kumbukumbu. Kompyuta ina sehemu inayoshika kazi wakati mashine imewashwa tu, na umeme ukikatika kila kitu humo hupotea. Ina sehemu nyingine, diski, inayohifadhi kazi hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Maandishi mengi ya Kiswahili huziita zote mbili kumbukumbu. Muuzaji mjanja analijua hilo. Atakuambia mashine hii ya mtumba ina kumbukumbu ya gigabaiti 500, nawe ukidhani umepata farasi, unakuta ni ukubwa wa diski, na ile kumbukumbu inayoipa mashine kasi ni gigabaiti 2 tu. Hajakudanganya kwa mujibu wa istilahi. Amekudanganya kwa msaada wake.

La pili ni mtandao. Mtu akisema mtandao umepotea, amesema nini? Huenda simu yake haishiki mawimbi. Huenda mawimbi yapo lakini intaneti haipiti. Huenda intaneti inapita ila tovuti moja tu ndiyo haifunguki. Huenda waya unaoziunganisha kompyuta za ofisi umechomoka. Ni matatizo manne yenye mafundi wanne tofauti, na neno moja tu la kumweleza fundi wa kwanza utakayempata. Mwanafunzi aliye katika duka la intaneti akijaribu kutuma maombi ya mkopo siku ya mwisho, saa ya mwisho, hana nafasi ya kuelezea kwa mafumbo.

Najua pingamizi linalonisubiri. Mtu atasema: Prof, lugha zote zina maneno yenye maana nyingi. Kiswahili chenyewe kina paa la nyumba na paa wa mwituni, kaa la moto na kaa wa baharini, na hatujasikia mtu akijaribu kuezeka kwa mnyama. Kiingereza nacho hutumia neno lile lile moja kwa mwendesha gari na kwa programu, na wauzaji wake huchanganya kumbukumbu na hifadhi vilevile.

Ni kweli tupu, na hapa historia ya kompyuta inatusaidia tena. Wahandisi hawakulimaliza tatizo la hodi kwa kuongeza milango bila kikomo. Mfumo wa PCI, uliotoka katika kampuni ya Intel mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliruhusu vifaa viwili au zaidi kutumia mlango mmoja kwa amani. Vipi? Hodi ikipigwa, mfumo hupita kwa wahudumu wa mlango huo mmoja mmoja na kuuliza: ni kifaa chako? Anayesema ndiyo anahudumia. Kwa maneno mengine, mashine ilifundishwa kuuliza nani. Kushiriki mlango hakukuwa tatizo tena, alimradi kuna namna ya kuuliza.

Katika lugha, kazi ya kuuliza nani hufanywa na muktadha. Paa na paa haligongani kwa sababu ngeli inauliza, mada inauliza, na kitenzi kinauliza. Paa limevuja, paa amekimbia. Kiendeshi na kiendeshi vinagongana kwa sababu ngeli ni moja, mada ni moja, na kitenzi ni kimoja: vyote viwili hufutwa, vyote viwili huwekwa upya, vyote viwili huharibika. Muktadha unauliza nani, na wote wawili wanajibu mimi. Kigezo changu basi ni hiki: neno lenye maana mbili liachwe kama lilivyo ikiwa maana hizo hukaa katika nyanja tofauti. Likatazwe ikiwa maana zote mbili zinaweza kukaa katika sentensi moja ya maelekezo, na mtu akakosea bila kujua.

Nani wa kulikataza? Hapo ndipo tulipo dhaifu. Kabla ya PCI na kabla ya Windows 95, fundi aliipangia kila kadi mlango wake kwa mkono, akihamisha vijipande vidogo vya plastiki vinavyoitwa jampa, huku akiangalia jedwali aliloliandika mwenyewe kwenye karatasi. Kila fundi alikuwa na jedwali lake. Windows 95 ilikuja na mpango wa chomeka-utumie, ambapo mfumo wenyewe uliwauliza wageni wote wanahitaji nini kisha ukawagawia. Siku za mwanzo ulishindwa mara nyingi mpaka wenye utani wakauita chomeka-uombe. Lakini wazo lilikuwa sahihi: mgawaji mmoja anayewaona wageni wote kwa pamoja.

Istilahi zetu za kompyuta bado ziko enzi ya jampa. Mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ukiwa na orodha yake ya maneno. Mwaka wa 2005 Microsoft ikazindua Windows XP ya Kiswahili, nayo ikiwa na orodha yake. Kazi zote mbili zilikuwa za kishujaa na ninawavulia kofia walioshiriki. Tangu hapo kampuni za simu, mitandao ya kijamii, wachapishaji wa vitabu vya shule na wafasiri wa kujitegemea wameendelea kuhamisha jampa zao. Tanzania ina BAKITA tangu 1967. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka wa 2015. Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, imechelewa mno kuwa na baraza lake. Wagawaji wapo, ila wengi wao hutazama neno moja moja linapoletwa mezani: je, limeundwa vizuri? Mara chache wanauliza: je, mlango huu tayari una mtu?

Napendekeza tufanye kama anavyofanya fundi hodari anapokuta alama ya manjano. Hatua yake ya kwanza ni kufungua orodha na kuona nani amekaa wapi. Hatupimi istilahi ikiwa peke yake. Tunaipima ikiwa katika ukurasa mmoja na jirani zake. Chukua maelekezo halisi, ya kurasa nne hivi, mpe mwalimu wa msingi asiye mtaalamu, umtazame anachokifanya kwa mikono yake.

Hatua ya pili, fundi hamhamishi mgeni mkongwe. Saa ya ndani na kibodi haviguswi; huhamishwa kile kinachohamishika. Vivyo hivyo mtandao libaki kwa maana yake pana ya vitu vilivyounganishwa, kisha intaneti, tovuti na mawimbi ya simu yapewe milango yao. Maneno intaneti na tovuti tayari yapo na yanafahamika. Watu mitaani huyaita mawimbi netiwaki, na sioni ubaya. Kumbukumbu libaki kwa ile inayopotea umeme ukikatika. Ile ya diski iitwe hifadhi, neno ambalo watu wanalielewa bila kamusi.

Hatua ya tatu, fundi huzima kisichotumika ili kupata nafasi. Kiendeshi kwa maana ya ghala la faili kinaweza kuzimwa leo na asiwepo wa kukililia, kwa sababu diski lipo. Na kwa ile programu ndogo, tulipokee draiva kutoka sokoni Mosocho, tuliandike katika kamusi pamoja na ngeli yake, tusione haya. Atakayetaka kulinda kiendeshi kwa maana hiyo ya programu sitapigana naye, mradi kiendeshi kiwe na kazi hiyo moja tu.

Hatua ya nne ni kuiwasha mashine upya na kujaribu. Hii ndiyo sisi wasomi tunaiacha. Tukishalichapisha neno tunadhani kazi imekwisha.

Wapo watakaoona kwamba haya ni mambo ya mafundi. Lakini mtaala wa umilisi unaotumika shuleni sasa umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na watoto wanafundishwa teknolojia hadi katika vitabu vyao vya Kiswahili. Tukiwataka watoto wa Mosocho, wa Lamu na wa Turkana waziendeshe mashine hizi kwa lugha yetu, basi lugha hiyo iwe salama kuitii. Kwa sasa, mwenye busara akitaka kufuta kitu ndani ya kompyuta husoma maelekezo ya Kiingereza, si kwa sababu anaipenda lugha hiyo, bali kwa sababu anaogopa hasara. Hofu hiyo inakidhuru Kiswahili kuliko mkopo wowote.

Kwa hivyo, wenzangu, katika kongamano lijalo semeni tarakilishi mkipenda. Semeni kompyuta. Anayetaka ngamizi na apewe nafasi yake. Mashine itaitika kwa majina yote matatu. Ila mjadala huo ukishatulia, na kabla chai haijaletwa, tuweke mezani ukurasa mmoja wa maelekezo na tuusome kwa sauti, tukiuliza kwa kila jina: hapa mlangoni wamesimama wangapi?